Ahadi Kumi na Nne za Siku ya Malkia

Jumatatu, 16 Mei 2022

Nimenunua kijitabu hiki ili kinipunguzie wasiwasi. Sasa nina wasiwasi kitaokotwa. Kwa hiyo jina la jiji ninalolifanyia kazi sitaliandika. Ni jiji, liko magharibi ya Sydney, lina mapipa mengi ya taka. Inatosha. Naandika kwa penseli.

Leo Meneja, Bi Glenys, ametuita mimi na mwenzangu wa ofisini, Rufus. Kila wiki ananisihi nimwite Glenys tu, kama wengine. Siwezi. Ana miaka hamsini na minane, umri wa mama yangu. Rufus anamwita Glenys huku anatafuna tufaa.

Habari ni hii. Madiwani wanataka kubadilisha sikukuu za wafanyakazi. Anayependa ataruhusiwa kuja kazini Sikukuu ya Kuzaliwa Malkia, Jumatatu ya tarehe 13 Juni, halafu apumzike siku nyingine yenye maana kwake yeye. Idd, Diwali, mwaka mpya wa Wachina, yoyote. Ila wanataka majina ishirini kwanza. Yasipofika ishirini, mpango umekufa.

Na kuna jingine. Mikataba yetu, mimi na Rufus, inaisha tarehe 30 Juni. Meza itabaki moja. Bi Glenys hakulisema wazi. Alisema mpango huu utaonyesha nani ana uwezo, kisha akaangalia dirishani. Mama ameshawatangazia waumini wote Tukuyu kwamba mimi ni ofisa wa Jiji la Sydney. Nikirudi nyumbani bila meza nitaanzia wapi kueleza?

Kukusanya majina, Rufus kapewa makao makuu. Ghorofa nne, zote zina mazulia. Mimi nimepewa yadi ya magari ya taka.

Halafu Malkia mwenyewe! Mwaka huu anatimiza miaka sabini kwenye kiti, na mimi, Ulimboka, ndiye ninayezunguka kuuliza watu kama bado wanaihitaji siku yake. Maombi yangu ya ukaazi yako mezani kwa serikali yake. Nimeliwaza hilo kwenye treni mpaka nikapitiliza kituo cha Seven Hills.

Jumanne, 17 Mei

Rufus ametengeneza fomu. Kurasa nne! Namba ya mfanyakazi, siku anayoiacha, siku anayoitaka, masharti, sahihi mara mbili. Kufikia saa sita alikuwa na majina manne. Akaniuliza yadini wanasemaje. Nikamwambia natafakari.

Jioni nikaomba ushauri nyumbani. Tunakaa watatu. Kuna Kamande, Mkenya wa Murang'a, anapakia matairi kwenye ghala huko Smithfield. Na kuna Dada Tumpe, muuguzi wa nyumba ya wazee. Si dada yangu wa kuzaliwa, ila kwao na kwetu ni kilima kimoja, na hiyo inamtosha kunifokea.

Kamande akasema kurasa nne hakuna mtu atasoma, hata angelipwa. Dereva wa lori mpe kitu kidogo cha kusaini, akisaini mrudishie kalamu yake, uende. Akaniita karani mwenye digrii asiye na akili ya mtaani. Limenichoma. Lakini lilinipa wazo.

Kadi za ahadi!

Harusi ya dada yangu Raheli, mwaka 2019. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Tuligawa kadi mia mbili na ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama. Mtu hakatai kadi. Anaichukua, anaijaza, anaahidi. Na kadi yenyewe bado ninayo kwenye kompyuta. Nimetoa jina la ukumbi, picha ya maharusi na mstari wa kiasi. Imebaki hivi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza:

Mimi .......... naahidi kushiriki nawe siku ya Jumatatu, 13 Juni 2022. Asante kwa upendo wako. Wako, Ulimboka.

Waridi za pembeni nimeziacha, ukizitoa karatasi inakaa upande. Njiwa wawili nao nimewaacha. Wanaashiria amani kazini.

Alhamisi, 19 Mei

Ushindi! Ushindi! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nimefika yadini saa kumi na moja alfajiri na mandazi arobaini. Kayakaanga Dada Tumpe, baada ya kuapa mara tatu kwamba hayakaangi. Madereva kumi na wanne wa zamu. Warundi, Wakongo, Wasamoa, Mlebanoni mmoja. Malori yote yananguruma. Mimi na barakoa yangu.

Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa tatu, Historia ya Sikukuu za Umma. Nikasoma sentensi ya kwanza. Injini zikaimeza. Basi nikaacha karatasi, nikapiga kelele kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza kwamba naomba wanishike mkono tarehe 13, kwamba siku hiyo ni kubwa sana katika maisha yangu, na kwamba bila wao haitafanikiwa. Kweli tupu, neno kwa neno. Nikagawa kadi.

Wamesaini wote. Wote! Dakika kumi, sukari ya mandazi bado vidoleni.

Mkuu wa zamu ni Mzee Vénérand, Mrundi, mtu mzito wa kusema. Alisoma kadi mara mbili. Akavua glavu, akanipa mkono, akasema félicitations, petit, yaani hongera, kijana, hakujua kama nimeshafikia hatua hiyo. Nikamwambia hata mimi sikutegemea, mambo yameenda haraka. Msamoa mmoja mkubwa alinikumbatia mpaka miguu ikaachana na ardhi. Macho yake yalikuwa na machozi. Sikujua sera ya utumishi inaweza kumgusa mtu namna hii.

Ishmael, dereva wa kutoka Mombasa, akauliza kama patakuwa na biriani. Nikacheka. Nikamwambia patakuwa na chai na biskuti, kawaida ya Jiji. Alinitazama kwa huruma. Lakini alisaini.

Ijumaa, 20 Mei

Rufus ana majina manane. Mimi nina kumi na manne. Nimeziweka kadi mezani kwake moja moja, taratibu, kama mtu anayecheza karata.

Akaziangalia. Akauliza waridi za nini. Akauliza njiwa wa nini. Akauliza namba za wafanyakazi ziko wapi, na kila mmoja amechagua siku gani badala ya ile ya Malkia. Nikamjibu kwamba hayo yatafuata. Akasema kadi si fomu na yeye haziingizi kwenye mfumo wa mishahara mpaka zikamilike. Akazitia kwenye droo yake. Watu wangu kumi na wanne, ndani ya droo! Nilitaka kumshtaki. Niliogopa.

Wivu huo. Mtu amelelewa kwenye mazulia.

Bi Glenys hakuuliza habari za njiwa. Alihesabu tu. Wanane wa Rufus, kumi na wanne wangu, na mimi mwenyewe, maana nimejiandikisha ili nisionekane msaliti. Ishirini na watatu! Akasema huo ndio ubunifu. Tukagonganisha viwiko kwa sababu ya korona.

Kwenye fomu yangu nimechagua Nane Nane. Bi Glenys akauliza ni siku ya nini. Nikamwambia ya wakulima. Akauliza kama nalima. Nikajibu nina mchicha kwenye ndoo. Akaandika.

Jumatano, 25 Mei

Jumatano nafanyia kazi nyumbani. Leo madiwani wamekutana jioni kwa njia ya video, na mimi nilipaswa kusema sentensi mbili. Nimezifanyia mazoezi tangu asubuhi mbele ya jokofu.

Nilisema ya kwanza vizuri. Kwenye ya pili Kamande akapita nyuma yangu na taulo kiunoni, mkononi bakuli la uji. Badala ya kukimbia akasimama. Akawapungia mkono. Diwani mmoja mama akauliza kwa upole kama huyo ni mmoja wa wafanyakazi waliojitolea.

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Likitoka swali, mdomo wangu unajibu kabla yangu. Madiwani wakatabasamu, wakapiga kura. Imepita! Hakuna aliyepinga. Kamande anataka kujua analipwa lini.

Nimepumua. Leo nitalala kama mtoto.

Jumatatu, 6 Juni

Imebaki wiki moja. Katibu mzuri wa kamati hangoji siku ifike, anafuatilia ahadi. Nimewapigia simu madereva wote, mmoja baada ya mwingine.

Wote wazuri. Wazuri kupita kiasi. Tuko pamoja, kijana. Usiwe na presha. Wewe jiandae tu, kula vizuri, lala mapema. Msamoa ameniambia mke wake ananiombea. Sijawahi kuona watumishi wa umma wenye moyo hivi.

Wa mwisho alikuwa Ishmael. Akasema watakuja, ila wakishamaliza zamu, maana siku hiyo mapipa yanakusanywa kama kawaida na wao hulipwa malipo ya sikukuu, mara mbili na nusu. Akasema hiyo hawezi kuiacha hata kwa ndugu yake wa damu.

Nikakata simu. Nikafungua fomu ya Rufus, ukurasa wa tatu, ambao sijawahi kuusoma kwa sababu uliandikwa na Rufus. Masharti: anayebadilisha sikukuu atalipwa siku hiyo kama siku ya kawaida.

Mungu wangu.

Kumbe malori hayajui sikukuu. Watu hawa hufanya kazi siku ya Malkia kila mwaka, na ndiyo siku yao nene. Na mimi nimewasainisha waiuze! Kwa mandazi!

Jumanne, 7 Juni

Mzee Vénérand amepiga simu. Sauti ya chini. Amesema petit, Ijumaa njoo yadini alfajiri. Tutakuwepo sote. Njoo peke yako.

Nikauliza ni kuhusu nini. Akasema nitaona.

Wamejua. Wamesoma ukurasa wa tatu. Yule Msamoa aliniinua kwa mkono mmoja. Kwa mkono mmoja!

Ofisini nimekaa siku nzima nikinoa penseli. Rufus akauliza kama niko sawa. Nikamjibu sijawahi kuwa sawa zaidi ya leo.

Jumatano, 8 Juni

Mlango umefunguka! Kamande anakohoa. Amejipima pua. Mistari miwili!

Aliyeambukizwa hukaa ndani siku saba, amri ya serikali. Hakuna yadi, hakuna Ijumaa, hakuna Msamoa. Kinachonitenga na usalama wangu ni mstari mmoja tu mwekundu. Nimeanza mara moja. Nimekunywa chai kwenye kikombe chake. Nimejifunga skafu yake. Nimekaa naye kwenye kochi kutazama mpira, na mimi mpira siupendi. Mwenyewe ni mstaarabu, akikohoa anageukia ukutani. Nikahamia upande wa ukutani. Akaniuliza kama nimegongwa na kitu kichwani. Akasema yeye amewahi kuona watu wakikimbia korona, hajawahi kuona mtu anaitongoza.

Dada Tumpe amehamia kwa mwenzake wa kazini, kwa ajili ya wazee wake. Jioni alileta supu mlangoni, akanikuta na ile skafu. Nikamweleza kila kitu kupitia wavu wa mlango. Nilidhani atanihurumia. Akasema, we Ulimboka, mimi nina bibi wa miaka tisini na mbili anayeogopa hata kufungua dirisha kwa ajili ya ugonjwa huu, na wewe unaufuata kwenye kikombe? Vua hiyo skafu. Nikavua.

Akasema chukua kadi za watu, warudishie mkononi, sema nimekosea, nisameheni. Maneno mawili. Na mandazi hakaangi.

Alhamisi, 9 Juni

Nimejipima asubuhi. Mstari mmoja. Nimepima tena. Mmoja. Nimekiinamisha kipimo, nimekiangalia kwenye mwanga, nimemwita Kamande aangalie kwa mbali. Mmoja! Mwili huu haujawahi kunisaidia hata siku moja.

Ukiwa na mstari mmoja Jiji linakuruhusu kuja kazini, mradi upime kila siku na usivue barakoa. Basi nimekwenda. Nikamwomba Rufus kadi zangu. Akafungua droo, akanipa zote kumi na nne, amezifunga kwa mpira. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kama aliwahi kuziingiza kwenye mfumo wa mishahara. Akasema hapana. Si alishaniambia kadi si fomu?

Hajaingiza hata moja! Hakuna aliyepoteza malipo yake! Nimekaa chooni dakika kumi kwa furaha. Rufus sikumshukuru. Alifanya kwa ubaya wake.

Kisha furaha ikapungua. Bila kadi hizi majina ni tisa. Madiwani waliambiwa ishirini na watatu, na wakaoneshwa Kamande. Hiyo inaitwaje kisheria? Nimeandika barua ya kuacha kazi. Aya nne, lugha nzuri. Nimeitia mfuko wa ndani wa koti.

Na kesho bado ni yadi.

Ijumaa, 10 Juni

Niko hai.

Saa kumi na moja alfajiri. Baridi kali. Nimepima tena kabla ya kutoka, mstari mmoja, sikushangaa. Nina kadi, nina mandazi niliyokaanga mwenyewe, meusi. Madereva kumi na wanne wamejipanga mstari. Injini zimezimwa. Sijawahi kusikia yadi ile ikiwa kimya.

Nilikuwa na maneno yangu mawili mdomoni. Kabla sijayatoa Mzee Vénérand akainua mkono. Nyuma ya lori akatokea Msamoa. Amebeba kitu kikubwa, kimefunikwa shuka. Nikafumba macho. Nikamkumbuka mama.

Nilipofumbua, ilikuwa sufuria.

Sufuria ya kuenea mbuzi mzima, ina masikio mawili. Ndani yake blanketi la watu wawili, rangi ya damu ya mzee. Mzee Vénérand akatoa hotuba. Akasema kuoa ugenini, katikati ya maradhi haya, wazazi wakiwa mbali, mipaka nayo juzi tu ilikuwa imefungwa, ni ujasiri. Akasema wao ndio wazazi wangu wa hapa. Kadi waliipata, ila nimesahau kuandika ukumbi, na wananisamehe, ujana huo. Zamu yao Jumatatu inaisha saa nane mchana. Waje wapi?

Ishmael akauliza kama suala la biriani limefikiriwa upya.

Sasa hapo ndipo palikuwa mahali pa ukweli. Nilipaona. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamtazama Msamoa, tayari ameanza kulia.

Nikasema imeahirishwa. Korona.

Walisikitika kwa sauti moja. Wengine walivua kofia. Na si uongo mtupu, maana Kamande kweli anaumwa. Lakini Mzee Vénérand akanishika bega akauliza bibi harusi anaitwa nani, ili wamweke kwenye sala.

Mwanamke ninayemuwaza saa zote ni mmoja tu, kwa sababu ya mkataba.

Nikasema Glenys.

Akauliza, Mzungu? Nikasema ndiyo. Anafanya kazi? Nikasema yuko Jijini. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Nilikwenda na maneno mawili ya ukweli. Nimerudi na sufuria, blanketi na mchumba wa miaka hamsini na minane. Kwenye treni sufuria ilichukua kiti chake. Kadi nimesahau kuwarudishia.

Bado siku haijaisha! Saa tisa Bi Glenys ameniita. Nikaingia nimeshika barua mfukoni. Akasema tafadhali aanze yeye. Macho chini. Akasema fundi wa mitambo ya joto ameambukizwa, hakuna meneja hata mmoja aliyekubali kuja kusimamia siku ya Malkia, na sheria hairuhusu watu kuwa jengoni bila msimamizi. Mpango umesogezwa mpaka Sikukuu ya Wafanyakazi, Jumatatu ya tarehe 3 Oktoba. Majina yote yanafutwa, tutaanza upya. Amekosa usingizi kwa kuwafikiria watu wangu kumi na wanne, nilivyohangaika nao. Anaomba radhi.

Aniombe radhi mimi!

Nilishusha mabega kidogo, inavyostahili. Nikamwambia haitakuwa rahisi kuwaeleza, lakini nitajaribu. Alikuwa karibu kulia. Kisha akasema kwa kuwa kazi haijaisha, mikataba yetu sote wawili inaongezwa mpaka mwisho wa Desemba. Meza zote mbili zipo!

Barua nimeichana vipande vidogo na kuvigawa kwenye mapipa matatu tofauti.

Jumatatu, 13 Juni

Sikukuu ya Kuzaliwa Malkia. Nimepumzika. Maisha marefu kwake, kwa dhati kabisa.

Nimepika pilau kwenye sufuria mpya. Nilipika ya watu wawili, ikaonekana kama doa chini. Kamande ameketi mwisho wa sebule na sahani yake, anasema harusi yangu imekuwa tamu ingawa bibi harusi hakutokea. Nimejifunika blanketi. Ni zito, zuri. Bado niko mstari mmoja.

Dada Tumpe alikuja mlangoni akauliza kama niliwaeleza madereva. Nikamwambia tulizungumza na kila mtu aliondoka ameridhika. Kweli tupu. Akauliza sufuria imetoka wapi. Nikasema kazini. Kweli tupu. Alinitazama kwa muda mrefu kupitia wavu. Akaacha supu.

Jumanne, 14 Juni

Bi Glenys ameamka akaenda yadini. Mwenyewe! Bila kuniambia! Kuwaeleza madereva ana kwa ana kwamba tarehe imesogezwa, maana aliona si haki kuniachia mimi mzigo wote. Nimelisikia saa tatu kutoka kwa Rufus, nikashika ukingo wa meza. Karatasi ya kuandikia barua mpya nilikuwa nimeshaiweka.

Saa nne karudi. Mashavu mekundu. Nikasimama.

Akasema katika miaka thelathini ya utumishi hajawahi kupokelewa hivyo. Madereva walisimama wote. Walivua kofia. Mkuu wa zamu alimpa kiti pekee kilichopo, akakifuta kwanza. Alipotaja kwamba siku imeahirishwa mpaka Oktoba, wakamfariji yeye! Mzee Vénérand akamwambia ingawa alitegemea mtu mdogo zaidi, amemwona, na kijana amechagua vizuri. Bi Glenys akajibu kwamba yeye ndiye aliyemchagua kijana, kati ya waombaji arobaini. Wakapiga makofi. Msamoa mmoja akamwuliza kama blanketi linatosha kwa baridi hii. Akadhani anaulizia shali yake. Akasema linatosha sana, asante. Walifurahi mno.

Nilikaa chini.

Anasema sasa ameelewa. Yadi imeipokea sera kwa moyo kuliko idara yoyote, na Oktoba tutaanzia huko. Tena kwa kadi zile zile. Anazipenda zile waridi. Nimwandalie nyingine.

Rufus akauliza kama safari hii kadi zitakuwa na namba ya mfanyakazi. Wivu haujamtoka. Nimemwambia nafasi haitoshi, njiwa wako hapo.

Nimezichapa jioni hii. Nimebadilisha tarehe tu, 3 Oktoba 2022. Mengine yote yapo kama yalivyokuwa. Kwa nini nibadilishe kitu kinachofanya kazi?

Ishmael ameshapiga simu. Amesikia tarehe mpya, anataka kujua kama safari hii kuna biriani.

Nimemwambia ipo.